Mlango wa garaji unaotoka jasho: faida ya mlango wa tabaka mbili katika hewa yetu ya unyevu

Mwezi wa 12 ao wa kwanza, fungua mlango wa garaji wa chuma hapa Luena saa kumi na mbili ya asubuhi, kisha upitishe mkono upande wake wa ndani. Mkono utatoka na maji. Watu wengi wanafikiri ni mvua imepenya. Wanapaka silikoni kwenye viungo, wanamwita tena fundi, wanagombana naye, wanalipa mara ya pili. Maji yanarudi, hata kisha usiku yenye mvua haikunyesha. Ni kwa sababu maji yale hayakutoka nje. Yametoka ndani ya garaji, katika hewa yenyewe.

Mbele ya kuendelea, tuelewane juu ya neno garaji. Wenye gari kwetu ni wachache, lakini garaji ni nyingi. Katika parseli zetu garaji ni ile nyumba ya mlango mpana ambamo tunaingiza moto usiku, kinga, grupu ya umeme, magunia ya muhindi na kalanga, simenti ya kujengea, bidoni za mafuta ya ngazi, wakati mwingine samaki wa kukauka waliotoka upande wa ziwa Kisale ao Upemba wanaongoja treni. Mali yote ya jamaa inaweza kuwa imelala fasi moja. Kwa hiyo swali la mlango si swali la watu wa villa. Mtu aliyeweka magunia kumi ya muhindi akingoja bei ipande, anapashwa kujua ni kitu gani kinatokea nyuma ya bati lile usiku.

Hewa inabeba maji kwa kipimo

Hewa ya moto inabeba maji mengi, hewa ya baridi inabeba machache. Meta kyubu moja ya hewa, ni kusema sanduku la meta moja kila upande, ikiwa na joto la digri 30 inaweza kushika karibu gramu 30 za maji bila sisi kuyaona. Kwenye digri 20 inashika gramu 17 tu. Kwenye digri 10, gramu 9 na kidogo. Hewa ikipoa, maji yanayozidi kipimo yanapashwa kutoka, na yanatokea kwenye kitu cha baridi kilicho karibu. Ndiyo sababu chupa iliyotoka kwenye frigo inalowa upande wa nje mezani, hata kama haivuji.

Sasa chukua garaji ya meta 6 kwa 3, urefu wa kwenda juu meta 2 na nusu. Ndani yake mna meta kyubu 45 za hewa. Jioni ya siku ya mvua, hewa ile inaweza kuwa na digri 28 na unyevu wa asilimia 80: ni kusema gramu 22 hivi za maji katika kila meta kyubu. Usiku bati la mlango linapoa mpaka digri 20. Hewa inayoligusa haiwezi tena kushika zaidi ya gramu 17. Tofauti ni karibu gramu 4 na nusu kwa kila meta kyubu, na ukizidisha kwa 45 unapata gramu 200, sawa glasi moja ya maji. Na hiyo ni hewa ya mara ya kwanza tu. Garaji inapumua usiku kucha kupitia nafasi za chini na za pembeni, udongo wa chini nao unatoa unyevu wake, kwa hiyo glasi moja inaweza kuwa mbili ao tatu. Muda wa miezi inayoanzia wa 10 mpaka wa 4, mvua yetu inapoanza mpaka inapoisha, ni maji mengi.

Kwa nini bati linapoa hivyo kuliko ukuta? Matofali ya kuchoma ni mazito. Yanakula joto la mchana na kulirudisha polepole usiku. Bati la milimita moja halina akiba. Tena linatupa joto lake kuelekea mbingu: mvua ikikatika saa moja ya usiku na nyota zikaonekana, bati linaweza kushuka chini hata ya joto la hewa inayolizunguka, sawa vile majani yanavyoshika umande. Kuna namna ya pili, na hiyo tunaiona mchana. Jua limepiga mlango tangu saa sita, ndani ni kama tanuri, kisha saa kumi mvua kubwa ya baridi inaangukia bati. Dakika chache tu, upande wa ndani umeanza kutiririka.

Mlango wa tabaka mbili ni nini

Ni mlango yenye ngozi mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati kitu kisichopitisha joto. Kazi yake ni nyepesi kueleza: ngozi ya nje iachwe ipoe ao iwake namna inavyotaka, lakini ngozi ya ndani ibaki karibu na joto la chumba. Ikiwa ngozi ya ndani haishuki chini ya kile kiwango ambacho hewa inaanza kuacha maji, hakuna jasho.

Milango ya namna hii ilianzia nchi za baridi. Mmarekani C. G. Johnson alitengeneza mlango wa garaji wa kupanda juu kwa vipande mwaka wa 1921, kisha mwaka wa 1926 akaongeza mashine ya umeme ya kuufungua. Ile ilikuwa ya mbao. Baadaye viwanda vilianza kutumia chuma chembamba na kujaza povu katikati, na wanaouza wanasifu sana namna inavyozuia baridi ya theluji. Sisi hatuna theluji. Kwa hiyo mtu akikuonyesha katalogi ya mlango ule, asikuambie habari ya kupunguza gharama ya kupasha nyumba moto. Kwetu faida iko upande mwingine, upande wa maji na wa jua.

Kitu cha katikati chenye kupatikana kwetu ni frigolite, ile nyeupe nyepesi inayofunika televisheni na frigo mpya ndani ya katoni. Chuma kinapitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko frigolite. Povu ya poliuretani, ile ya manjano ya ndani ya ukuta wa frigo, inazidi frigolite kidogo, lakini bei yake si ya mtu wa kawaida. Mbao nayo si mbaya: ubao wa sentimita 4 unafanya karibu kazi ya frigolite ya sentimita 1. Wenye kukumbuka milango ya mbao nene ya majengo ya zamani ya matofali watakuambia haikuwa inatoka jasho, na wana haki. Shida ya mbao kwetu ni mchwa, na tena mvua inaivimbisha mpaka mlango unakataa kufunga.

Muhindi ndio unaolipa deni

Tuanze na chakula, kwa sababu pale ndipo mambo yanakuwa ya kufa na kupona.

Maji ya mlangoni yanatiririka chini, yanaingia chini ya gunia la kwanza, na gunia linayanyonya. Muhindi uliokauka vizuri una unyevu wa asilimia 13 hivi. Ukipanda mpaka 16 ao 18, ukungu unaamka. Kati ya aina za ukungu kuna ule unaoitwa Aspergillus flavus, unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu ile haionekani kwa macho kila mara, haina harufu yake, na moto wa jikoni hauiui: ukipika bukari ya unga ule, sumu inabaki ndani. Kidogo kidogo, miaka kwa miaka, inaharibu maini na kuleta saratani ya maini. Ikiwa nyingi kwa mara moja, inaua kwa siku chache.

Hii si hadithi ya kutisha watu. Kenya, mwaka wa 2004, katika wilaya za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakakufa kwa kula muhindi wenye sumu ile. Wachunguzi walikuta kwamba wengi walikuwa wameweka muhindi ungali na unyevu, ndani ya nyumba, fasi isiyopitisha hewa vizuri. Watu wale walikuwa wakulima sawa na sisi. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanaogopa wezi, ndiyo maana waliingiza muhindi nyumbani. Na sisi tunaingiza katika garaji kwa sababu ile ile.

Lakini niseme wazi: mlango wa tabaka mbili haukaushi muhindi. Ukiingiza muhindi mbichi katika garaji nzuri, utaoza ndani ya garaji nzuri. Pima kwanza. Kuna njia isiyoomba mashine: chukua chupa kavu kabisa, tia kiganja cha muhindi na vijiko vichache vya chumvi kavu, funika, tikisa dakika kadhaa, kisha acha itulie robo ya saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, muhindi wako ungali na unyevu wa kupita asilimia 15, urudishe kwenye jua. Chumvi isiposhika, unaweza kufunga gunia. Kalanga zinaomba uangalifu zaidi kuliko muhindi, kwa sababu ukungu ule unazipenda sana na zinapashwa kukauka kuliko hapo.

Simenti, moto na vyuma vingine

Simenti haiombi maji yaiangukie. Inakunywa unyevu wa hewa kupitia karatasi ya gunia, inaanza kushikana kwa mabonge, na nguvu inapungua. Bonge linalovunjika kwa vidole bado lina kazi ndogo. Lile linaloomba nyundo, litupe, usimdanganye mtu wa kupiga msingi nalo. Hata katika depo nzuri, simenti itumiwe mbele ya miezi 3 kupita. Iweke juu ya mbao, sentimita 10 ao 15 kutoka chini, na usiiegemeze ukutani wala karibu na mlango.

Chuma kinaanza kushika kutu mbio pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 60 hivi, na kwetu wakati wa mvua usiku unapita hapo karibu kila siku. Cheni ya moto, spoki za kinga, sindano na vyuma vya cherehani, jembe la akiba, misumari ndani ya katoni: vyote vinakula ile hewa. Grupu ndiyo inayoumia bila kuonyesha. Maji yanashika ndani ya tanki yake kwa namna ile ile yanavyoshika mlangoni, yanashuka chini ya esansi kwa kuwa ni mazito, na siku unapovuta kamba haiwaki. Fundi anafungua karibureta, anamwaga maji, anakulipisha. Mwezi ujao tena.

Joto nalo lisisahauliwe. Mlango wa chuma wa rangi nyeusi ao kahawia ya giza unaotazama magharibi unaweza kufika digri 60 saa tisa ya mchana. Ukiugusa unaondoa mkono mbio. Joto lile linaingia, na ikiwa garaji imeshikana na chumba cha kulala watoto, wao ndio wanaolilipia usiku. Ngozi ya pili inalizuia. Hata hivyo, ikiwa shida yako ni jua peke yake, paka rangi nyeupe upande wa nje kwanza. Ndoo moja ya rangi inafanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyoamini.

Wengine watataja faida ya kelele na ya usalama. Ni kweli: mlango wa ngozi mbili haupigi kelele kama ngoma mvua inapoupiga, na mwizi mwenye mkasi wa bati anachoka. Mimi sidhani kama mtu atatoa pesa kwa sababu hizo tu, lakini zikija bure si mbaya.

Bati la juu mbele ya mlango

Hapa nitawakasirisha kidogo mafundi wanaouza milango. Rudi kwenye garaji yetu ya meta 6 kwa 3. Bati la juu lina meta 18 za mraba. Mlango wa meta 2.40 kwa 2.10 una meta 5 tu. Bati la juu ni zaidi ya mara tatu ya mlango, na lenyewe linatazama mbingu moja kwa moja, kwa hiyo linapoa zaidi. Ukiweka mlango wa bei kali na kuacha juu bati tupu, utakuwa umehamisha jasho tu. Litadondoka kutoka juu badala ya kutiririka pembeni. Kwa hiyo mwenye pesa ya kazi moja aanze na plafo. Triplex, mikeka iliyosukwa vizuri, hata sheeting iliyovutwa kwa mteremko ili maji yaende pembeni kwenye chupa, vyote ni afadhali kuliko bati tupu. Mlango unakuja wa pili.

Kisha chini. Garaji yenye udongo mtupu inapanda unyevu usiku na mchana. Mtu anayepiga beto atandike sheeting nzito chini yake mbele ya kumwaga. Ni kazi ya saa moja na haiwezi kufanywa tena baadaye. Asiye na beto atandike sheeting juu ya udongo na mbao juu ya sheeting.

Na kisha nafasi za pembeni. Mlango mwingi ninaouona una nafasi ya kidole chini. Sentimita moja, kwa upana wa meta 2.40, ni tundu la sentimita 240 za mraba. Ni sawa kutoboa ukuta tundu la sentimita 15 kwa 15 na kuliacha wazi siku zote. Kupitia pale inaingia hewa ya mvua, vumbi la kiangazi, na panya. Frigolite ya sentimita 10 haina maana ikiwa chini pako wazi hivi. Kipande cha shambreri ya zamani kilichoshikwa na ubapa wa chuma kinafunga pale bila gharama.

Lakini kufunga hakumaanishi kuziba kabisa. Garaji inaomba kupumua wakati tunaotaka sisi, si wakati wote. Siku ya jua fungua tangu saa nne mpaka saa tisa, hewa ikiwa ya moto na kavu kuliko usiku. Mvua ikikaribia, ao jua likitua, funga. Weka klostra juu kwenye kuta mbili zinazoelekeana, na wavu wa kuzuia wadudu.

Jambo moja lisifanyiwe mchezo. Grupu isiwashwe ndani ya garaji, hata mlango ukiwa nusu wazi, hata kwa dakika za kutazama mupira. Moshi wake una gazi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu na kumuua bila yeye kusikia kitu. Kadiri mlango unavyofunga vizuri, ndivyo hatari inavyoongezeka. Makala ya kupasha chumba ao ya kukaushia samaki ni namna ile ile. Kwa hiyo mtu anayebadilisha mlango mbovu kwa mlango mzuri, na ambaye amezoea kuwasha grupu ndani, aipatie grupu kibanda chake nje mbele ya kitu kingine chochote.

Namna ya kuutengeneza na fundi wa hapa

Sioni haja ya kuagiza mlango wa kiwanda kwa treni. Fundi wa kuchomelea vyuma aliye na posti na macho mazuri anaweza kuutengeneza, ikiwa unajua la kumwomba.

Fremu iwe ya tibu kare ya milimita 40. Bati la nje lichomelewe kwenye fremu. Mapigo yote ya posti yamalizike, antirui ipakwe mpaka kwenye pembe, mlango upoe kabisa, ndipo frigolite iingie. Sisemi hivi kwa ajili ya uzuri. Frigolite inashika moto, moshi wake ni mbaya sana, na kijinga kimoja cha posti kinaweza kuanza kuunguza ndani bila ninyi kuona. Kwa hiyo ngozi ya ndani haichomelewi hata kidogo. Inashikwa kwa vis ao kwa riveti.

Frigolite ya sentimita 4 inajaza unene wa fremu. Ikatwe ikaze, isiache nafasi pembeni. Vipande vya katoni za televisheni vinafaa pia ukivipanga sawa fumbo na kuziba nafasi. Gundi ya viatu, ile ya harufu kali, inayeyusha frigolite. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Esansi nayo inaila sawa chumvi ndani ya maji, kwa hiyo mwenye kuuza esansi kwa chupa asipange bidoni zake karibu na mlango wake mpya.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanasahau. Fremu yenyewe ni chuma, inagusa bati la nje na bati la ndani, na baridi inapita kwenye daraja lile. Ukifunga bati la ndani moja kwa moja juu ya fremu, asubuhi utaona mistari ya maji imechorwa sawasawa pale fremu inapopita, na katikati pakavu. Dawa ni kukata shambreri ya kinga kwa mikanda na kuitandika juu ya fremu yote mbele ya kufunga ngozi ya ndani. Afadhali zaidi, ngozi ya ndani iwe ya triplex iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, kwa sababu kingo ndizo zinazokunywa maji. Ikiwa ni bati, toboa matundu madogo mawili ao matatu kwenye fremu ya chini ili maji yatakayoingia kwa bahati mbaya yatoke. Matundu yawe madogo kuliko sindano ya kushonea magunia, vinginevyo mchwa na sisimizi watajenga ndani. Wanapenda frigolite kwa kuwa ni laini. Panya pia. Ukingo wa chini wote ufunikwe kwa chuma.

Uzito uhesabiwe. Bati la chuma la milimita 1 lina karibu kilo 8 kwa kila meta ya mraba, kwa hiyo ngozi moja ya mlango wetu ni kilo 40 bila fremu. Mbili ni 80. Frigolite ya katikati haizidi kilo 3, yenyewe si shida. Kwa hiyo gawanya mlango kuwa mbavu mbili, kila moja na bawaba tatu nene, na nguzo ziingie ndani ya beto. Bawaba mbili za mlango wa kawaida zitalala mbele ya mwaka kuisha, mlango utakwaruza chini, na ile nafasi uliyoiziba itafunguka upande wa juu. Mwenye kutumia triplex ndani anapunguza uzito ule.

Asiye na uwezo wa haya yote anaweza kufanya nusu yake. Pigilia triplex upande wa ndani wa mlango aliokuwa nao, juu ya vipande vya mbao vya sentimita 2, ukaze pembeni zote. Hewa iliyofungwa katikati, bila frigolite, inafanya kazi sawa ya frigolite ya nusu sentimita na kidogo. Si nyingi, lakini usiku mwingi inatosha kuzuia jasho kubwa, na mchana inakata joto. Asiye na hata triplex asogeze magunia: meta moja kutoka mlangoni, nusu meta kutoka ukutani, juu ya mbao. Hiyo haiombi hata franga moja.

Na kontena?

Wafanyabiashara wengi wanapenda kontena ya meli kuwa depo, kwa kuwa mwizi haiwezi. Milango yake ina mipira mizuri kuliko garaji yoyote ya kwetu. Lakini kontena ni bati pande zote isipokuwa chini, na bati zote zinapoa usiku kwa wakati mmoja. Mabaharia wanajua kile kinachofuata: maji yanashika juu, yanadondokea bidhaa, sawa mvua ndani ya sanduku. Matundu madogo ya hewa yaliyo juu ya ukuta wake hayatoshi. Kubadilisha mlango wa kontena ni kupoteza pesa, ule ulio nao unatosha. Jenga paa la bati ao la matiti juu yake, nusu meta kutoka kontena, lipite pembeni kwa meta moja, ili jua lisiipige na mbingu ya usiku isiione. Kisha ndani, frigolite juu kwenye dari tu. Na mtu anayetoboa ukuta wa kontena ili kuweka klostra, aweke pia kibati cha kuzuia mvua juu ya kila tundu, kwa sababu mvua yetu haiangukii wima. Upepo wa mwezi wa 11 unaileta kwa ubavu.